Datsun ilikuwa nzima Nairobi, mbona yachemka Mombasa?

Tangu Safari Rally irudi kwenye mashindano ya ubingwa wa dunia mwaka 2021, magari ya spoti ya Kijapani ya zamani yamepata wapenzi wapya hapa Pwani. Datsun zilizolala chini ya maturubali miaka na miaka zimeoshwa, Subaru Impreza za miaka ya 1990 zapita barabara ya Mama Ngina jioni zikinguruma, na vikundi vya WhatsApp vya wenye magari haya havilali. Humo kuna swali linalorudi kila mara kwa sura tofauti. Mtu amenunua gari Nairobi, amelijaribu mwenyewe, limemridhisha, akalishusha kwa barabara. Kufika Changamwe mshale wa joto umepanda. Akipanda daraja la Nyali injini inagonga. Akiliegesha nusu saa sokoni Kongowea, kuwaka tena ni mpaka lisukumwe.

Majibu humiminika papo hapo. Toa thamostati, ile vali ya maji ya injini, Pwani haina kazi. Funga kabureta za Weber. Weka turbo. Tafuta injini ya Toyota upumzike. Na hakosi wa kusema kwamba Mombasa haitaki magari ya kale, bora uuze. Katika ushauri wote huo hakuna aliyeuliza plagi, zile zinazotoa cheche ndani ya silinda, zina rangi gani.

Watu wanachanganya kazi mbili. Kutafuta hitilafu ni kulirudisha gari kwenye hali aliyoikusudia aliyeliunda. Kuliongezea nguvu ni kulitoa katika hali hiyo kwa kutaka. Kila kazi ina vifaa vyake na bajeti yake, na ya pili haiponyi ya kwanza. Huificha tu nyuma ya vyuma vipya vinavyong'aa. Kwa maoni yangu sehemu kubwa ya kinachoitwa kuboresha gari katika gereji zetu ni dawa iliyotolewa kabla ya kipimo.

Magari yenyewe

Familia ya magari haya ni kubwa, lakini mawili yanatosha kuyasemea mengine. La kwanza ni Datsun 240Z, iliyozinduliwa Japani mwishoni mwa 1969. Injini yake ya L24 ina silinda sita katika mstari mmoja na ujazo wa sentimita 2,393, inalishwa na kabureta mbili (vifaa vinavyochanganya petroli na hewa) za Hitachi za muundo wa SU, na ndani ya gari hakuna kompyuta hata moja. Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari ya 1971 kwa gari hili, na Shekhar Mehta na Lofty Drews wakarudia 1973. La pili ni Subaru Impreza WRX ya kizazi cha kwanza, iliyotoka 1992, yenye injini ya EJ20: silinda nne zilizolala ubavu, mbili kila upande, turbo inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini, na kompyuta ya enzi zake. Matoleo ya mashindano ya Impreza yalimpa Colin McRae ushindi wa Safari 1997 na Richard Burns mwaka 2000.

Kenya hairuhusu kuingiza gari la mtumba lililozidi miaka minane. Maana yake ni kwamba karibu kila 240Z au Impreza ya zamani unayoiona mjini iliingia zamani na imepita mikono mingi. Unapolifungua unakutana na kazi ya Nissan au Subaru, na juu yake kazi za mafundi wasiojulikana: waya uliounganishwa kwa selotepu, skrubu isiyo ya gari hilo, jeti, kile kitundu cha kupitishia petroli, iliyotobolewa kwa msumari. Ndiyo sababu kitabu cha kiwanda peke yake hakitoshi. Ni lazima kwanza ujue kilichobaki cha kiwanda ni kipi.

Hewa ya Nairobi si hewa ya Mombasa

Injini ya petroli inataka hewa, petroli, cheche na mgandamizo mzuri ndani ya silinda, na inavitaka kwa wakati wake. Kimoja kikipungua, inakosa au haiwaki kabisa. Fundi mzuri huvipima vyote vinne kabla ya kugusa spana, na kwa kawaida haimchukui asubuhi nzima.

Hewa na petroli huenda kwa kipimo. Kuunguza kilo moja ya petroli ikaisha kabisa kunahitaji takriban kilo 14.7 za hewa. Injini inapobeba mzigo mkubwa hupendelea petroli zaidi kidogo, kama kilo moja kwa 12.5 au 13 za hewa. Mpishi wa Pwani analijua jambo hili kwa jina jingine. Nazi ni ileile, lakini maji yakizidi unapata tui jepesi, yakipungua unapata tui zito, na wali hauchukui tui la samaki wa kupaka. Katika injini petroli ndiyo nazi na hewa ndiyo maji.

Sasa, Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari. Mgandamizo wa hewa huko ni asilimia 80 na kidogo tu ya ule wa Mombasa. Kabureta haina njia ya kulijua hilo. Inaona hewa ikipita, inamwaga petroli yake kama ilivyozoea, na kwa kuwa hewa ya juu ni nyepesi, mchanganyiko unakuwa mzito. Plagi zinakuwa nyeusi, bomba linatoa moshi mweusi. Fundi wa Nairobi anapunguza petroli, gari linatulia, na hajakosea chochote. Gari hilohilo likishuka Mombasa linakutana na hewa nzito, na lile tui lililokuwa sawasawa juu linageuka jepesi kwa karibu asilimia kumi. Mchanganyiko mwepesi chini ya mzigo huchoma kwa joto kali na huita kugonga.

Cheche nayo ina habari yake. Hewa nyepesi huungua polepole, kwa hiyo mafundi wa bara huwahisha cheche kidogo ili gari livute. Ukilileta usawa wa bahari, silinda zinajaa vizuri zaidi, mgandamizo unapanda, na cheche iliyowahishwa inawaka kabla ya wakati wake. Mlio unaousikia ukipanda daraja, kama mawe madogo ndani ya kopo, ndio huo. Ukiupuuza kwa miezi, unakula pistoni.

Kwa hiyo gari hilo si bovu, na joto la Mombasa silo la kwanza kulaumiwa. Limetiwa vipimo vya mji mwingine. Kwenye kabureta za SU kuna nati chini ya kila kabureta: ukiishusha mchanganyiko unazidi uzito, ukiipandisha unapungua. Wenye 240Z huanza kwa kuipandisha mpaka mwisho, kisha kuishusha mizunguko miwili na nusu kwa kila kabureta, halafu wanarekebisha kutoka hapo. Endesha gari kwa mwendo wa kubeba mzigo kidogo kwenye barabara ya Malindi, simama mahali salama, zima mara moja bila kuliacha likinguruma, kisha toa plagi. Nyeupe kama chokaa ni dalili ya mchanganyiko mwepesi. Nyeusi ya masizi ni mzito. Hudhurungi iliyopauka ndiyo unayoitafuta.

Taimingi, yaani wakati wa cheche, ipimwe kwa taa yake. Kupima kwa sikio peke yake kumeua injini nyingi. Ila kuna mtego mmoja katika magari ya umri huu: puli ya krenki, lile gurudumu la mbele ya injini lenye alama ya taimingi, ina mpira katikati, mpira huo ukizeeka ile pete ya nje huteleza, na alama ya taimingi inasema uongo. Pistoni ya kwanza ifikishwe juu kabisa kwanza, uone kama alama inakubaliana nayo.

Jambo la kufurahisha ni hili. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 15 ya nguvu zake kwa sababu ya mwinuko wa Nairobi. Anayeirekebisha upya hapa Mombasa anazirudisha bila kununua spea yoyote, na hupata zaidi ya anachokipata mtu aliyefunga mofla kubwa.

Impreza haisumbuliwi sana na mwinuko, maana kompyuta yake hupima hewa na kurekebisha petroli yenyewe. Shida yake ni oktani. Watu wengi hudhani oktani ni nguvu iliyowekwa kwenye petroli, eti ukijaza ile ya bei ya juu gari lolote litakimbia. Sivyo. Oktani ni kipimo cha jinsi petroli inavyostahimili kubanwa bila kulipuka yenyewe. Gari lisilogonga halifaidiki nayo. Lakini WRX na STI, ndugu yake mkali zaidi, za soko la Japani zilipangwa kwa petroli ya huko ya daraja la juu, ambayo pampuni huuzwa ikiwa karibu oktani 100. Ukiipa ya chini, sensa ya kugonga inasikia na kompyuta inachelewesha cheche kimyakimya. Zile farasi 280 zilizoandikwa kwenye tangazo la kuuza gari hazipo. Kwa Impreza, petroli ya daraja la juu si anasa, na kompyuta iliyopangwa upya kwa petroli inayopatikana hapa ni bora kuliko chupa za kuongeza oktani zinazouzwa vituoni.

Thamostati, maji na mfuniko

Tuje kwenye kuchemka, maana hapa ndipo ushauri mbaya ulipojaa.

Thamostati ni vali ndogo inayofunguka maji yanapofika joto fulani. Kwenye L24 ni karibu nyuzi 82. Kazi yake ni kuzuia injini isipoe kupita kiasi. Ikiganda imefungwa, gari litachemka, na dawa yake ni kuweka mpya. Ikiwa ni nzima, kuitoa hakuongezi hata tone la uwezo wa radieta. Kinachobadilika ni kwamba sasa injini inachelewa kupata joto, oili inabaki nzito, petroli inaosha kuta za silinda, na uchakavu unaongezeka. Katika injini nyingine njia ya pembeni ya maji hubaki wazi thamostati isipokuwepo, sehemu ya maji ikazunguka bila kupita kwenye radieta, na kuchemka kukazidi. Wanaosema "Pwani haihitajiki" wajiulize kwa nini hata gari linalouzwa nchi zenye joto kutuzidi hutoka kiwandani likiwa nayo.

Swali lenye faida ni lini gari linachemka. Likichemka kwenye foleni ya Likoni na kupoa ukishika barabara ya Ukunda, tatizo ni upepo wa feni. Kwenye 240Z angalia klachi ya feni, ambayo hukauka silikoni yake ya ndani, na angalia kama lile boma la plastiki linaloizunguka bado lipo. Magari mengi yalilipoteza zamani fundi alipolitoa apate nafasi ya mikono na asilirudishe. Likichemka ukiwa kasi na likapoa ukipunguza, tatizo ni mzunguko wa maji: radieta imeziba, pampu imechoka, mpira wa chini unajifinya, au mchanganyiko ni mwepesi kama tulivyoona. Na kama kuna mapovu yanayopanda radietani injini ikiwa imewashwa tu, pima gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya injini na kichwa chake, kabla ya kununua kitu kingine.

Mfuniko wa radieta watu huuona kama kifuniko tu. Una springi inayoshikilia maji kwenye mgandamizo, karibu 0.9 ya anga juu ya hewa ya nje, na kwa sababu hiyo maji hayachemki mpaka yapite nyuzi 115. Springi ikilegea maji yanachemka kwenye 100 na kumwagika, nawe unaambiwa hedi imekufa. Ni kipuri cha bei ndogo kuliko vyote vilivyotajwa hapa. Anza nacho.

Halafu maji yenyewe. Visima vingi vya kisiwani na vya Nyali vina chumvi, na maji hayo ndiyo yanayotiwa kwenye radieta kwa dumu la lita tano. Block ya L24 ni chuma na hedi yake ni alumini; metali mbili zikikaa ndani ya maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Ukifungua hedi ya gari lililonyweshwa maji ya kisima utakuta njia za maji zimeota mashimo karibu na gasketi, na hapo hata gasketi mpya haitaziba. Tia maji yaliyosafishwa, yale yanayouzwa kwa ajili ya betri, pamoja na kuleni, ile dawa ya radieta. Hatuna baridi ya kugandisha maji, kweli, lakini kuleni ina dawa ya kuzuia kutu, na hiyo ndiyo tunayoitaka.

Lile la gari kukataa kuwaka baada ya kuegeshwa ni jambo jingine. Katika injini ya L24 kabureta zimekaa juu ya bomba la kutolea moshi, upande uleule. Ukizima, hakuna upepo tena, joto la bomba linapanda, na petroli iliyo ndani ya kabureta inaanza kuchemka. Ndiyo maana madereva wa zamani walikuwa wakiweka kitambaa chenye maji juu ya pampu ya petroli. Kilisaidia, ila hakikutibu. Hakikisha lile bati la kukinga joto lipo, vizuizi vya joto chini ya kabureta ni vizima, na bomba la kurudisha petroli kwenye tangi halijazibwa. Kumbuka pia kwamba 240Z za 1973 za soko la Marekani zilikuja na kabureta tofauti, zenye kichwa bapa, ambazo zilisumbua kwa joto hata huko. Wamiliki wengi walizitoa wakarudisha zile za mwanzo zenye kichwa cha mviringo. Ukipewa zile bapa za bei rahisi, jua unanunua nini.

Chumvi haili bodi peke yake

Kutu ya 240Z ina mahali pake inapopenda: chini ya sahani ya betri, sakafu, mihimili ya chini, kisima cha tairi la akiba, na ile sehemu iliyofichika chini ya kioo cha mbele ambapo maji ya mvua hupita. Piga kwa kidole na usikilize. Sauti butu ni fila, ule udongo wa kuziba mashimo ya bodi. Impreza iliyotoka kaskazini mwa Japani nayo ilishaonja chumvi ya barabarani wakati wa theluji kabla ya kuja kuonja ya kwetu, kwa hiyo ipandishe na uikague chini kabla ya kuifurahia juu.

Lakini chumvi inayosumbua zaidi ni ile usiyoiona, kwenye viunganisho vya umeme. Hapa watu hutumia pesa bure kuliko popote. Stata inazunguka kwa uvivu, taa ni hafifu, injini inakosa, vipimo vya dashibodi vinacheza. Fundi wa waya anauza betri, kisha altaneta, kisha koili. Kumbe ethi ndiyo iliyokufa: ule waya unaotoka betri kwenda kwenye injini na bodi umeota kutu chini ya nati. Kipimo chake ni rahisi. Weka mita kwenye volti, mguu mmoja kwenye hasi ya betri, mwingine kwenye chuma cha injini, na mtu apige stata. Ukiona zaidi ya nusu volti, umeme unapotelea njiani. Fungua, safisha kwa sandpapa mpaka chuma king'ae, funga, paka grisi.

Kwenye 240Z kuna udhaifu wa tangu kiwandani: umeme wa taa za mbele hupita wote kwenye swichi ya usukani na kisanduku cha fyuzi, bila relei, ile swichi ya umeme inayobeba mzigo badala yake. Miaka hamsini baadaye kisanduku kimeungua kingo. Kuongeza relei mbili ni mabadiliko ninayoyaunga mkono bila masharti. Pia kuondoa pointi, ile swichi ndogo inayokata umeme wa cheche, na kufunga distributa ya elektroniki ya Datsun 280ZX, ambayo inaingia palepale.

Na hili la "peleka kwa kompyuta" tulimalize. Datsun haina kompyuta, kwa hiyo hakuna mashine itakayoisoma. Impreza ya miaka ya 1990 inayo, lakini haizungumzi lugha ya skana za kisasa. Chini ya dashibodi kuna soketi nyeusi mbili. Ukiziunganisha na kuwasha swichi, taa ya injini inapepesa na unahesabu: mipepeso mirefu ni makumi, mifupi ni mojamoja. Fundi asiyelijua hilo atakwambia kompyuta imeungua.

Ukiisha kuliponya

Gari likiwa linawaka, halichemki, na mgandamizo wa silinda zote unakaribiana, sasa zungumza kuhusu kuliongezea.

Anza na kusimama, yaani breki. Wenye 240Z sehemu nyingi duniani hufunga kalipa za pistoni nne za pikapu za Toyota za 4x4 za mwanzoni mwa miaka ya 1980. Zinaingia kwenye matundu yaleyale. Kinachohitaji kukunjwa au kukatwa ni bati la vumbi nyuma ya diski. Kwa mji uliojaa spea za Hilux hii ni bahati. Ila ukizidisha nguvu mbele na ngoma za nyuma zimechoka, siku ya mvua za Mei magurudumu ya mbele yatajifunga kabla ya mengine kushika. Fanya za nyuma kwanza. Tairi nazo zina tarehe ubavuni, tarakimu nne, wiki na mwaka: 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Tairi pana lenye umri huo ni bure.

Kabureta tatu za Weber zina sura ya kuvutia, nakiri. Lakini SU ina pistoni inayopanda na kushuka kulingana na hewa, kwa hiyo inasamehe mengi; Weber inataka jeti sahihi kwa kila hali, na kwa mtu wa Mombasa anayepanda Nairobi sikukuu hilo ni adha. Mara nyingi kabureta za zamani "zilizokufa" zimelegea tu mhimili wa kipepeo, hewa inaingia pembeni. Kuzitia bushi mpya ni nafuu mara nyingi kuliko kuzibadilisha. Anayetaka nguvu za kweli atafute injini ya L28, sentimita 2,753, ambayo hukaa kwenye viti vilevile.

Turbo kwenye L24 ya kawaida? Nissan wenyewe walipotaka kuitia turbo familia hii ya injini, kwenye 280ZX Turbo ya 1981, walishusha uwiano wa mgandamizo hadi 7.4 na kuongeza kompyuta ya kusimamia petroli na cheche. L24 ina karibu 9. Anayekuuzia turbo bila kukutajia hilo anakuuzia pistoni mpya za baadaye.

Kwa Impreza, ile vali inayopiga "pshaa" nje ukibadilisha gia huleta shida katika matoleo yanayopima hewa kwenye bomba la kuingilia. Kompyuta imeshahesabu hewa hiyo na kuiwekea petroli, wewe unaitupa nje, na mchanganyiko unakuwa mzito: moshi mweusi, gari linajikwaa. Vali ya kiwandani huirudisha ndani kwa sababu hiyo. Na ule mngurumo ambao vijana huuona kama cheti cha Subaru halisi hautokani na nguvu. Mabomba ya upande mmoja wa injini ni marefu kuliko ya upande mwingine, kwa hiyo moshi unafika kwa zamu zisizo sawa. Subaru waliposawazisha mabomba kwenye Legacy GT ya 2003, sauti ikaondoka, na turbo ikafanya kazi vizuri zaidi. Kutoboa mofla ili kuipata ni kununua kesi: NEMA, mamlaka ya mazingira, ina kanuni za kelele tangu 2009, na askari wa trafiki hahitaji kipimo kukusimamisha.

Ukibadilisha injini au rangi, NTSA, mamlaka ya usafiri, waarifiwe ili kitabu cha umiliki kilingane na gari, na kampuni ya bima iambiwe pia. Namba ya injini isiyolingana huwa haiulizwi mpaka siku ya ajali au siku ya kuuza.

Nimeulizwa pia mtu aanze na nini akiwa na pesa kidogo. Mipira ya petroli. Katika magari ya umri huu imekakamaa na kupasuka, na kwenye 240Z inapita juu ya bomba la moto. Huuzwa kwa mita. Kwa kabureta taka ile iliyoandikwa 30R7 ubavuni. Kwa Impreza, ambayo petroli yake inasukumwa kwa nguvu zaidi, taka 30R9, na klipu mpya pia. Ule mpira mwangavu wa plastiki unaouzwa kando ya barabara uwaachie wenye pikipiki.